Video ya moyo iliwafurahisha wanafunzi 83, lakini sijui waliondoka na nini

MwanachuoWaMwisho (Singida)

Shikamooni walimu mliotutangulia, na habari za kazi kwa wenzangu ambao bado mko vyuoni.

Mimi ni mwanachuo wa mwaka wa mwisho wa stashahada ya ualimu wa shule za msingi, na kwa sasa niko katika wiki ya tano ya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijijini. Nimebakiza wiki tatu. Kuna jambo lililonitokea darasani ambalo limenifanya nitilie shaka sehemu kubwa ya yale niliyokuja nayo kutoka chuoni, na ningependa kulileta hapa kabla sijalizoea.

Chuoni tumesoma TEHAMA kwa bidii. Tumejifunza kuandaa slaidi, kupakua vitabu kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kuandika andalio la somo ambalo karibu kila mara lilitarajiwa kutaja kifaa cha kidijitali mahali pa zana. Nilikuja kituoni nikiwa muumini kamili wa vifaa hivyo, na nilipopangiwa darasa la sita, somo la Sayansi, mada ya mzunguko wa damu, nilijiambia kuwa hapa ndipo nitakapoonyesha nilichojifunza.

Mwalimu mlezi wangu aliniazima kishikwambi chake, kimoja kati ya vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Usiku uliotangulia nilipakua video ya dakika sita kwa bando langu mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba za walimu, kwa kuwa ndipo pekee mtandao unaposhika vizuri. Kesho yake niliwagawa wanafunzi 83 katika makundi saba, ili kila kundi lije mbele kutazama huku mengine yakinakili mchoro kutoka ubaoni. Makundi saba kwa dakika sita ni dakika 42, na kipindi chetu ni cha dakika 40. Hesabu hiyo sikuipiga mpaka nilipokuwa na kundi la nne, na mwishowe makundi matatu ya mwisho yalibanana pamoja kutazama nusu ya video, waliokuwa nyuma wakiona visogo vya wenzao tu. Sauti ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nilitafsiri juu ya sauti ya mzungumzaji mpaka koo likanikauka.

Pamoja na hayo yote, wanafunzi walifurahi mno. Mkufunzi aliyekuja kunitathmini, ambaye alikuwa ameketi nyuma, aliandika kwamba matumizi yangu ya TEHAMA yalikuwa mazuri sana.

Siku iliyofuata niliwauliza wanieleze walichokiona. Msichana mmoja ambaye kwa kawaida huwa mkimya alinyoosha mkono, akasimama, akasema: "Mwalimu, mimi nilijikata na jembe mguuni wakati wa kupalilia, damu ikatoka nyekundu. Ile ya bluu inakaa wapi?" Nilibabaika. Nilipokusanya madaftari niligundua kuwa si yeye peke yake, kwani kati ya wanafunzi 79 waliohudhuria, 51 walikuwa wameandika kwamba binadamu ana aina mbili za damu, nyekundu na ya bluu. Hakuna aliyewafundisha hivyo isipokuwa ile video, pamoja na mimi niliyesimama kando yake nikitafsiri.

Swali langu kwenu ni hili: mwalimu anajuaje, kabla ya kuingia darasani, kwamba kifaa alichobeba kitamfanya mwanafunzi afikiri na si kutazama tu? Sitafuti maneno ya jumla kuhusu umuhimu wa teknolojia, kwa sababu hayo tunayo ya kutosha kwenye madaftari ya chuo. Ningeomba mnieleze yaliyowatokea ninyi wenyewe.

ChakiNaKifutio (Tanga)

Marahaba, mwanangu. Nimestaafu ualimu na sina kishikwambi, lakini swali lako si geni kama unavyodhani.

Mwaka 1973 nilikuwa kijana wa shule ya msingi wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na inasemekana watu wapatao milioni mbili walishiriki nchi nzima. Marehemu baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza pale kijijini kwetu. Watu walikusanyika chini ya mwembe, redio ikawekwa juu ya kigoda, na kipindi kilipokwisha baba aliizima palepale. Sisi watoto tulikasirika kwa sababu tulijua muziki unafuata, naye alikuwa akisema anaokoa betri. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ikianza pale redio inapozimwa, maana hapo ndipo kijitabu kilipofunguliwa, wakaanza kubishana ni nani ana choo na nani hana, mbu wanazaliana wapi, na Jumamosi nani atakuja na sururu. Kipindi kilikuwa kifupi, na mabishano yalikwenda mpaka magharibi. Viongozi wa vikundi kama baba walikuwa wamepewa mafunzo kabla, makumi ya maelfu yao, na mafunzo hayo hayakuwa ya kuwasha redio, kwa sababu kila mtu alijua kuiwasha.

Sasa nikurudie wewe. Ulipiga hesabu ya bando, hukupiga hesabu ya makundi. Hilo ni kosa la ugeni na litakutoka. Kosa lililo kubwa zaidi ni kwamba video yako haikuzimwa. Iliendelea kutoka kundi moja hadi jingine kama daladala, na hapakuwa na kituo ambacho mtoto angeweza kushuka akauliza. Yule binti alilazimika kulala na swali lake usiku kucha. Mshukuru, kwa kuwa wengine wamelala nalo na hawatalitoa kamwe.

Kuhusu bluu, waambie ukweli ulivyo: damu yote ya binadamu ni nyekundu. Iliyobeba oksijeni nyingi ina wekundu mwangavu, na inayorudi moyoni ina wekundu uliokoza. Mishipa tunayoiona kwenye kiwiko huonekana kama ya bluu kwa namna mwanga unavyopita kwenye ngozi. Lakini usiwaambie mapema. Waache kwanza wamsaidie mwenzao kutafuta jibu.

MwalimuWaBondeni (Nakuru)

Hujambo, mwalimu mtarajiwa. Nimesoma maelezo yako nikatabasamu, kwa sababu huku kwetu tumepitia safari kama hiyo kwa mizigo mizito zaidi.

Ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa mwaka 2013, ikazungushwa katika migogoro ya zabuni, na hatimaye mwaka 2016 mradi ulipozinduliwa kilicholetwa kilikuwa vishikwambi. Shule yetu ilipokea vya wanafunzi, vya walimu, projekta moja na mtambo wa kuhifadhia masomo. Kabla ya hapo tulitakiwa kuimarisha chumba, kwa hiyo madirisha yaliwekewa nondo na mlango ukapata kufuli la pili. Vifaa viliingia kwenye kabati la chuma, ufunguo ukakaa kwa mwalimu mkuu, na kila mwalimu aliyevichukua alitia sahihi kwamba atawajibika endapo kimoja kitapotea au kuvunjika. Unajua kilichofuata. Hakuna aliyevichukua isipokuwa siku ya wageni. Nilivihesabu mara nyingi zaidi ya nilivyovifundishia, na baada ya muda betri zikaanza kuvimba humo kabatini.

Hata hivyo sikubaliani kabisa na mzee wetu wa Tanga, ikiwa anamaanisha kwamba kifaa ni kisingizio tu cha mazungumzo. Kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyaona kwa njia nyingine. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuiona bahari. Nilipofundisha kujaa na kupwa kwa maji niliwaeleza kwa mdomo, nikachora ubaoni, nikamimina maji kwenye karai, na bado walidhani kwamba bahari hufurika kama mto wakati wa masika. Siku moja nilifunika dirisha la stoo kwa gunia, nikawasha projekta na kuwaonyesha gati moja, likipigwa picha kutoka mahali palepale, asubuhi maji yakiwa yamejaa na saa sita baadaye mashua zikiwa zimelala ubavu kwenye matope. Ilikuwa picha ya chini ya dakika mbili. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, maji yalikwenda wapi, na hakuna jua kali?" Swali hilo karai langu halikuwahi kulizaa.

Ila kuna jambo nililofanya kabla ya kuwasha, na hili ndilo ninalokushauri. Niliwaambia kila mmoja achore kwanza kwenye daftari jinsi anavyodhani gati litakavyoonekana baada ya saa sita. Mtoto aliyekwisha kujifunga kwa mchoro wake hutazama picha kwa macho ya mtu anayetaka kujua kama ameshinda au ameshindwa. Wanafunzi wako hawakuwa na chochote cha kupoteza, ndiyo maana walipokea rangi ya bluu bila kuhoji.

MpitaNjia

Ndugu zangu, tunamwelemea kijana huyu bila sababu. Darasa lina watoto 83 na kishikwambi kimoja. Wenye mamlaka walete projekta na umeme wa uhakika kwanza, ndipo tumwulize kuhusu mbinu zake za kufundisha.

ChakiNaKifutio (Tanga)

MpitaNjia, projekta ingeondoa tatizo la visogo. Damu ya bluu ingeonekana kubwa zaidi.

Bi_Kibatari (Unguja)

Nawasalimu nyote. Nitaongeza dogo juu ya redio, kwa kuwa mzee amenikumbusha mbali.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 huku Zanzibar palikuwa na vipindi vya redio shirikishi kwa watoto wadogo, vikiitwa Tucheze Tujifunze, na mimi nilikuwa mmoja wa walimu wasaidizi katika kituo cha watoto kilichokuwa chini ya mti, hakina hata ukuta. Ufundi wa vipindi vile ulikuwa katika ukimya. Sauti ya redio inauliza, "Nionyesheni vidole vitatu," kisha inanyamaza kwa sekunde chache, watoto wanainua vidole, mimi napita nikitazama, halafu redio inaendelea kana kwamba imewaona. Mara ya kwanza nilidhani redio imeharibika. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila ukimya ulipimwa na kupangwa na waandaaji.

Video za kwenye mtandao hazina ukimya huo, mwanangu, kwa sababu aliyezitengeneza hakuwa na darasa lako mawazoni. Ukimya itabidi uuweke wewe kwa kidole chako. Chagua kabla, uandike kwenye andalio kabisa: hapa nasimamisha, hapa nauliza hili.

MwlMagu (Mwanza)

Nafundisha Hisabati sekondari, na nimeona mjadala unaelekea kumwona mwanafunzi kana kwamba wote 83 wana macho yaleyale. Naomba niulete mfano wa upande mwingine.

Katika kidato cha kwanza nina mwanafunzi mwenye ualbino, na kama ilivyo kwa wengi wenye hali hiyo, uoni wake ni hafifu. Tulimweka mstari wa mbele, tukadhani tumemaliza. Kwa miezi miwili daftari lake lilikuwa na mapengo, alama za kutoa na za kugawanya zikichanganyika, na mimi nikawa namwandikia "ongeza umakini" kwa kalamu nyekundu. Siku moja nilimkuta wakati wa mapumziko amesimama kwa mwenzake akinakili, pua ikiwa karibu kugusa karatasi. Ndipo nikaona aibu. Tangu siku hiyo, kila ninapojaza ubao naupiga picha kwa kishikwambi, namkabidhi, naye anaikuza kwa vidole viwili mpaka herufi moja inajaa kioo. Hakuna video, hakuna slaidi wala bando. Ile kalamu nyekundu nimeacha kuitumia kwake.

Wivu ulikuwapo mwanzoni, na wenzake walinung'unika kwamba anapendelewa. Nilimwomba ruhusa yeye kwanza, kisha nikawaita wawili waliokuwa wakilalamika zaidi, nikawapaka wese kidogo kwenye miwani yangu ya zamani na kuwaambia wasome ubao. Walirudi kwenye viti vyao kimya. Kwa hiyo ukiuliza mwalimu anajuaje, jibu langu ni kwamba wakati mwingine unaanza na mwanafunzi mmoja na kile anachokikosa, halafu kifaa kinajichagua chenyewe.

Na tafadhali, mkipiga picha darasani, pigeni ubao. Nyuso za watoto zisiende kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu kama ninavyoziona kila wiki.

MwanachuoWaMwisho (Singida)

Asanteni sana, wazazi wangu na walimu wangu. Samahani kwa kukaa kimya siku tano. Nilikuwa nikiandaa kipindi kingine cha mada ileile, kwa ruhusa ya mwalimu mlezi, ambaye alinipa vipindi viwili mfululizo na kuniambia nisivitumie kwa kuomba radhi.

Nilianza na swali la yule msichana, nikaliandika ubaoni kama alivyolisema, pamoja na lile jembe. Kisha niliwaambia kila mmoja achore damu inavyozunguka na atie rangi anayoamini, na kwa kuwa rangi hazikuwapo, wakaandika maneno "nyekundu" na "bluu" kando ya mishipa. Sikusahihisha kitu.

Baada ya hapo tulitoka nje. Kishikwambi kilikuwa saa tu: nilikiweka kionyeshe sekunde, nikasema "anzeni" na "acheni", na wanafunzi wawili wawili wakahesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30, wakazidisha kwa mbili. Hapo palitokea vurugu ambayo hakuna kitabu kilichonionya. Mvulana mmoja alipata mapigo 12 kwa dakika, akatangaza kwa fahari kwamba yeye ana moyo wa mamba. Wengine walitumia kidole gumba na wakawa wanahesabu mapigo ya gumba lao wenyewe badala ya ya mwenzao, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini majibu yao hayaeleweki. Tulirudia. Kisha wakakimbia kuuzunguka mwembe wa shule mara tatu, wakahesabu tena, na safari hii kila jozi ilikuwa na namba mbili za kulinganisha. Waliporudi darasani walikuwa wakibishana kwa nini moyo unakimbia wakati miguu ndiyo iliyokimbia, nami nikakumbuka habari ya redio kuzimwa.

Video niliionyesha mwishoni, sekunde 40 tu, bila sauti. Nilipita nacho mstari kwa mstari, na nilikuwa nimepiga hesabu: mistari minane, dakika zisizofika kumi. Nilisimamisha pale rangi mbili zinapokutana nikauliza, "Huyu aliyechora ameweka bluu kwa nini?" Walikaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, na nilikaribia kujibu mwenyewe. Kisha yule aliyekuwa na moyo wa mamba akasema: "Mwalimu, ni kama ramani. Kwenye ramani mpaka wa mkoa ni mstari mweusi, lakini tukienda Dodoma na basi hatuuoni mstari barabarani." Darasa likacheka, halafu likaacha kucheka. Yule msichana akauliza kama basi ile bluu ni alama ya damu inayorudi, na hapo ndipo nilipowaeleza juu ya wekundu mwangavu na wekundu uliokoza.

Katika madaftari ya jana, 11 bado wameandika damu ya bluu. Nimewaita mmoja mmoja wakati wa mapumziko na nimegundua kwamba saba kati yao walikuwa katika lile kundi la mwisho lililobanana, ambalo liliona nusu tu ya video ya kwanza. Sijui bado nitawafanyaje hao, maana sitaki kuwaambia tu jibu kisha walikariri.

Mtathmini anarudi Alhamisi. Kwenye andalio, mahali pa zana, nimeandika: vidole vya wanafunzi, mwembe, kishikwambi kama saa, na sekunde 40 za video zenye vituo viwili. Mwalimu mlezi amelisoma, akaniuliza kama nina uhakika na huo mwembe, kisha akatia sahihi.